Gredi ya Mazrui na gredi yangu

Nina D+ ya KCSE. Nikienda intavyuu niitaje ama ninyamaze? Skizeni stori ya hapa hapa Mombasa.

Mwaka 1949 Ali Mazrui alifanya mtihani wa Cambridge, akapata gredi ya tatu. Makerere ikamkataa. Akawa karani MIOME, chuo tunachokiita TUM leo. Siku moja akahutubu kwenye Maulidi, Gavana Mitchell yuko pale anaskiza. Hotuba hiyo ndiyo iliyomfungulia njia ya kusoma Uingereza. Baadaye akawa profesa, tena Makerere ile ile! Na gredi yake hakuificha, aliisimulia mwenyewe.

Kwa hivyo mimi nikiulizwa nitaitaja, sidanganyi. Lakini sianzi nayo. Naanza na ninachokiweza. Kilichomvuta gavana ni hotuba, si cheti.