Tarehe ya Tanja, Mji wa Mlangoni

Penye mlango wa bahari unaotenga Afrika na Andalusi, mahali ambapo maji ya Atlantiki hukutana na ya Mediterania, umesimama tangu dahari mji wa Tanja, ambao Wazungu huuita Tangier. Na nyumba iliyo mlangoni haikosi wageni, wapigao hodi na waingiao kwa nguvu.

Enzi za Warumi uliitwa Tingis. Ulipofika Uislamu, liwali wake, Tariq bin Ziyad, alivuka mlango huo na jeshi mwaka 711 akaifungua Andalusi. Wareno nao waliutamani mji huu, wakashindwa mwaka 1437, wakaupata 1471, na mwaka 1661 wakautoa kwa Waingereza, ukiwa katika mali aliyokwenda nayo Catherine wa Braganza kwa mumewe, mfalme Charles wa Pili. Waingereza wakajenga gati kubwa la mawe, kazi ya miaka mingi na gharama isiyo kiasi. Lakini walipozidiwa na mazingiwa ya majeshi ya Sultani Mulai Ismail wa Moroko, walilivunja wenyewe kwa baruti, wakaondoka mwaka 1684, miaka 14 kabla Wareno hawajatolewa katika Ngome ya Mombasa. Hata katika karne ya ishirini, kuanzia mwaka 1923, dola za Ulaya ziliutawala kwa shirika, mpaka uliporejea Moroko mwaka 1956.

Amma fahari ya Tanja ni mwanawe, Ibn Battuta, kijana wa ukoo wa makadhi, aliyetoka mwaka 1325 akiwa na umri wa miaka 21, peke yake, akinuia Hija. Mwaka 1331 alishuka Mombasa, akalala usiku mmoja, na jicho lake halikupitwa na kata ya mti yenye mpini mrefu, iliyowekwa penye kisima mlangoni mwa msikiti ili waingiao waoshe miguu. Kisha akaenda Kilwa, akashuhudia ukarimu wa Sultani Hassan bin Suleiman. Aliporudi kwao mwaka 1349, mamaye alikwisha kufa kwa tauni. Akalizuru kaburi lake, akasafiri tena.

Wenye mizinga waliuacha mji huu na gati lililovunjika. Yeye aliyetoka bila ya msafara ndiye aliyetuhifadhia, sisi wa pwani ya mbali, hata ile kata ya maji ya wazee wetu.