Matsutake, uyoga uliotoweka pamoja na waokota kuni

Mwaka 1941 misitu ya Japani ilitoa takriban tani 12,000 za matsutake, uyoga mwitu unaothaminiwa kuliko wote nchini humo. Siku hizi mavuno ya mwaka mzima mara nyingi hayafiki tani 100. Anayesikia hesabu hiyo huwanyooshea kidole wachumaji, kwamba walichuma bila kubakiza. Historia inawaondolea lawama. Uyoga huu ulipungua watu walipoacha kwenda msituni.

Matsutake huota chini ya msonobari mwekundu, hasa kati ya Septemba na Novemba, majani ya miti mingine yanapopukutika. Kuvu yake hushikamana na mizizi: huupa mti maji na madini, nao mti huilisha sukari. Ndiyo maana mpaka leo hakuna aliyefaulu kuulima shambani. Uyoga wa shiitake hupandikizwa kwenye magogo, lakini matsutake hufuatwa huko huko porini. Na msonobari huo nao una masharti yake. Unataka jua na udongo maskini, na ukizidiwa na kivuli hufa.

Basi nani aliuandalia makao? Wakataji miti. Nara ilipofanywa mji mkuu mwaka 710, na Kyoto mwaka 794, miti mikubwa ya kale iliangushwa kujenga majumba ya wafalme na mahekalu, na mingine ikaishia kuwa kuni na mkaa. Vilima vikabaki vitupu, msonobari ukavishika, na uyoga ukaufuata. Man'yōshū, mkusanyo wa mashairi wa karne ya 8, tayari una shairi linalosifu harufu yake. Wakubwa wa Kyoto walifanya uchumaji kuwa matembezi ya msimu, pamoja na karamu huko huko mlimani, na katika enzi ya Edo (1603–1868) watu wa kawaida wa mijini nao wakajiunga.

Lakini walioutunza kwa kweli ni wakulima, tena bila kukusudia. Kila kaya ilipanda mlimani kukata kuni, kufyeka vichaka na kukwangua majani makavu kwa reki ili yawe mbolea ya mashamba. Ardhi ikabaki safi na maskini, kama msonobari unavyopenda. Vijiji vingi vilipiga mnada haki ya kuchuma katika msitu wa jumuiya, na fedha zikaingia katika mfuko wa kijiji.

Uchumaji wenyewe unadai macho na subira. Uyoga wa bei ya juu ni ule ambao kofia yake haijafunguka, nao huwa bado umezikwa. Mchumaji hutafuta mahali ambapo majani ya msonobari yametuna kidogo au udongo umepasuka. Hupapasa kwa vidole, hushika shina chini kabisa, hulitikisa taratibu mpaka liachie, kisha hufukia shimo ili nyuzi nyeupe za kuvu zisikauke. Nyumbani hauoshwi, hufutwa tu kwa kitambaa chenye unyevu. Hupasuliwa kwa mkono na kupikwa pamoja na wali, na harufu yake hujaa nyumba.

Kuanzia miaka ya 1950 gesi na mafuta ya taa vilichukua nafasi ya kuni, mbolea ya viwandani ikachukua nafasi ya majani, na vijana wakahamia mijini. Majani yakarundikana, miti ya majani mapana ikapanda juu na kuufunika msonobari. Kisha pigo la pili. Minyoo midogo kutoka Amerika Kaskazini, inayosafirishwa na mbawakawa kutoka mti hadi mti, ilikuwa ikiua misonobari tangu dalili zake zilipoonekana Nagasaki mwaka 1905, ingawa wataalamu walithibitisha kisababishi mwaka 1971 tu. Mwaka 1979 peke yake Japani ilipoteza zaidi ya mita za ujazo milioni 2 za misonobari.

Sehemu kubwa ya matsutake inayouzwa Japani leo hutoka nje: China, Korea, Kanada, Marekani. Katika misitu ya Oregon, wengi wa wachumaji wamekuwa wakimbizi kutoka Laos na Kambodia.

Mwaka 2020 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira (IUCN) liliiweka matsutake katika orodha ya viumbe walio hatarini. Kupiga marufuku uchumaji hakutaiokoa. Karibu na Kyoto, watu wa kujitolea wamerudi vilimani na misumeno na reki, wakikata miti ya kivuli na kukwangua majani kama wazee wao. Wanastahili kuungwa mkono, na kusubiriwa pia, kwa kuwa msonobari unaoota leo huhitaji miaka 20 au zaidi kabla ya uyoga wa kwanza kuchomoza chini yake.