Mlevi Amtafuta Mlevi: Chanzo cha Mikutano ya Kuacha Pombe

Tangu siku za wamisionari, ulevi umekuwa mojawapo ya sababu zilizowaweka Wakristo wa sharika nyingi za Kilutheri Afrika Mashariki chini ya marudi. Mtu alizuiwa kushiriki Meza ya Bwana, akangojewa atubu ili arudishwe kundini. Wako waliotubu kwa machozi, wakarudi, na baada ya arusi moja au msiba mmoja wakaanguka tena. Kuonya kulijulikana, na kuombea kulijulikana. Lililokuwa gumu ni kumsaidia yule aliyeahidi kwa moyo wake wote na bado akashindwa. Kwa hiyo si nje ya njia kusimulia hapa habari za mikutano iliyozaliwa mlangoni pa Kanisa, katika mji wa Akron, jimbo la Ohio, Marekani.

Chimbuko lake la mbali ni Mlutheri. Mchungaji Frank Buchman alikuwa mlezi wa nyumba ya vijana huko Philadelphia, akagombana na halmashauri yake, akajiuzulu kwa uchungu. Mwaka 1908, akiwa Keswick, Uingereza, alisikia mahubiri juu ya Msalaba, akatambua kosa lake mwenyewe. Aliwaandikia wajumbe sita wa halmashauri ile barua za kuomba radhi. Kutokana na tukio hilo lilikua kundi lililokuja kuitwa Oxford Group, ambalo watu wake waliungama makosa wao kwa wao, wakawalipa waliowadhulumu, na kukaa kimya mbele za Mungu.

Kwa mkono wa kundi hilo Bill Wilson, mtu wa masoko ya hisa huko New York, aliacha pombe mwezi Desemba 1934. Rafiki yake wa zamani, naye mlevi, alikuwa amemjia akiwa hanywi. Mwezi Mei 1935 Wilson alisafiri kwenda Akron kwa shughuli za biashara, na shughuli zikavunjika. Jumamosi moja alisimama ukumbini mwa Mayflower Hotel akiwa na fedha kidogo na moyo mzito. Upande mmoja vicheko vya baa vilimwita; upande wa pili palikuwa na simu na orodha ya makanisa ya mji. Alishika simu. Alimpata mchungaji wa Kianglikana, Walter Tunks, akamweleza waziwazi kwamba anamtafuta mlevi wa kuzungumza naye. Ombi hilo lingeweza kudhaniwa kuwa mzaha, lakini Tunks alimpa majina ya watu kadhaa, na kwa kufuata majina hayo Wilson alifika kwa Bibi Henrietta Seiberling.

Siku iliyofuata, nyumbani kwa Bibi huyo, alikutanishwa na Dakta Robert Smith, daktari wa upasuaji ambaye pombe ilikuwa karibu kumwangamiza. Dakta Smith alikuwa amekwisha hudhuria mikutano ya Oxford Group kwa miaka zaidi ya miwili, akasali na kusoma, na bado akanywa. Alikubali kukaa dakika 15 tu. Alikaa saa sita. Wilson hakumhubiria. Alimsimulia maisha yake mwenyewe, na daktari akasikia kwa mara ya kwanza mtu anayejua jambo hilo kwa kulipitia. Alianguka mara moja tena, kisha tarehe 10 Juni 1935 akaacha kabisa. Wenzake waliofuata huihesabu siku hiyo kuwa mwanzo wa chama chao, Alcoholics Anonymous.

Mara wawili hao walikwenda hospitalini kumtafuta wa tatu. Ndivyo watu walivyoupata mkutano katika miaka ile: haukutangazwa, ila aliyepona alikwenda kitandani kwa mgonjwa.

Hata hivyo nyumba hiyo haikukosa mvutano. Wakatoliki wa Cleveland, waliosafiri zaidi ya kilomita 50 kila juma hadi Akron, walionywa na mapadre wao juu ya ibada za Oxford Group. Mwezi Mei 1939 walianzisha mkutano wao, ulioitwa kwa jina la chama na kutofuata dhehebu lolote. Utengano huo uliumiza, lakini uliufungua mlango. Makala za gazeti moja la Cleveland mwaka huo zilileta maombi mengi mno, na makala ya Saturday Evening Post ya Machi 1941 iliwaongeza wanachama kutoka 2,000 hivi hadi 8,000 hivi mwisho wa mwaka.

Mwaka 1950 chama kilithibitisha kanuni zake. Sharti la kuingia ni moja, nia ya kuacha pombe. Majina hayatangazwi nje, na kundi hujitegemea kwa michango ya walio ndani, hata pale linapotumia chumba cha kanisa hulipa pango. Mwaka uliofuata wake na jamaa za walevi walipata chama chao, Al-Anon, kwa maana waliovumilia nyumbani nao walikuwa na majeraha.

Leo mikutano ya namna hii imo Nairobi na Dar es Salaam, na mingine hufanyika kwa intaneti. Anayefika mara ya kwanza haulizwi jina la ukoo wala usharika wake. Huonyeshwa kiti, na mmoja wa waliotangulia huanza kusimulia.