Kovu Ndani ya Ubongo: Historia ya Kifafa na Seli za Ulezi

Leo tunazungumza juu ya kifafa, lakini hatutaanza na dawa. Tutaanza na swali ambalo akina mama wa Soweto West huniuliza ninapowatembelea nyumbani: "Sista, mtoto huyu hakuzaliwa hivi. Aliugua malaria tulipoenda ushago, akapona. Mbona alianza kuanguka miezi mingi baadaye?"

Ni swali zuri sana. Wengine huambiwa ni mapepo, au ni jirani mwenye kijicho. Jibu la kweli lilichukua zaidi ya miaka 100 kupatikana, na sehemu yake ilipatikana hapa hapa Afrika Mashariki.

Ndani ya ubongo kuna seli za neva. Hizi hupeleka habari kwa umeme mdogo mdogo, na mtu huanguka kifafa kundi lake linaporusha umeme kwa pamoja bila mpango. Hayo pengine umeshayasikia kliniki. Lakini katikati ya seli hizo kuna nyingine ambazo hazitajwi sana. Mwaka 1856, daktari Mjerumani Rudolf Virchow alizipa jina la neuroglia, yaani gundi ya neva. Alidhani kazi yake ni kushikilia tu. Sisi tutaziita seli za ulezi, maana hulisha seli za neva, huzisafishia na huzilinda. Na si chache. Hesabu iliyofanywa na watafiti wa Brazil na kuchapishwa mwaka 2009 ilionyesha kwamba ubongo wa mtu mzima una seli za neva kama bilioni 86, na seli nyingine zisizo za neva zinakaribia idadi hiyo hiyo.

Mwaka 1889, daktari Mfaransa Philippe Chaslin alichunguza ubongo wa wagonjwa wa kifafa waliofariki. Alikuta mahali ambapo seli za ulezi zimeota nyuzi nyingi na kukaza, kama kovu la mtu aliyeungua. Akasema huenda kifafa kinatoka hapo. Si wengi waliomfuata. Wakubwa wa sayansi ya ubongo wa wakati ule walizitazama zaidi seli za neva, kwa sababu ndizo zinazofikiri! Ni kama mgeni anayeingia nyumbani akamsifu mtoto kwa kuwa msafi, asimwone aliyemuogesha.

Mmoja aliyelishika jambo hilo ni Wilder Penfield, daktari wa kupasua ubongo, mzaliwa wa Marekani. Mwaka 1924 alisafiri hadi Madrid, Uhispania, kujifunza kwa Pío del Río Hortega, bingwa wa kuzipaka rangi seli hizi ili zionekane kwa hadubini. Penfield alitaka kujua kovu la ubongo linafanyaje mpaka mtu anaanguka. Mwaka 1934 alifungua taasisi ya ubongo mjini Montreal, Kanada, ambako wagonjwa kadhaa waliondolewa kovu kwa upasuaji na wakaacha kuanguka.

Kovu linafanyaje, basi? Fikiria mtaro unaopita kati ya nyumba zetu. Kila siku watu humwaga maji, na mtaro ukizibuliwa yanapita. Ukiziba, mvua ndogo tu inatosha maji kuingia nyumba zote za mstari. Kila seli ya neva inapofanya kazi humwaga nje chumvi iitwayo potasiamu, na nyingi humwaga pia kemikali iitwayo glutameti. Seli za ulezi zenye umbo la nyota ndizo huzifyonza. Zikiumia na kugeuka kovu, kazi hiyo hulegea. Potasiamu na glutameti hubaki zimejaa, seli za neva za jirani huchokozeka, na zote huwaka kwa pamoja. Seli nyingine za ulezi, ndogo zaidi, ni walinzi. Ugonjwa ukiingia hupigana nao, lakini zikikaa na hasira muda mrefu huchokoza ubongo pia.

Kwa miaka mingi madaktari walibishana: je, kovu huleta kifafa, au kifafa huleta kovu? Mwaka 2002 watafiti wa Marekani walieleza kuhusu panya walioharibiwa kijeni seli za umbo la nyota. Panya hao walianza kupata kifafa. Siku hizi tunajua njia zote mbili zipo. Kovu huleta kifafa, na kifafa kisichotibiwa huongeza kovu.

Sasa turudi kwetu. Mwaka 1960 hivi, daktari Mnorwei Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa Mahenge, Tanzania. Alikuta wagonjwa wametengwa, wengine wana makovu ya moto kwa sababu walipoangukia jikoni watu waliogopa kuwashika. Waliamini mate huambukiza. Aliwapa fenobabitoni, dawa iliyojulikana kutuliza kifafa tangu 1912, na wengi walirudi kuishi na wenzao. Aliona pia watoto waliokuwa wakiinamisha kichwa mara kwa mara. Miaka mingi baadaye ugonjwa kama huo ulionekana kaskazini mwa Uganda, mahali penye minyoo ya usubi. Mwaka 2019 ulichapishwa uchunguzi wa ubongo wa marehemu kadhaa wa huko: zilikutwa dalili za uvimbe, na kovu la seli za ulezi.

Na malaria je? Huko Kilifi, watafiti waliwafuatilia watoto waliowahi kulazwa kwa malaria kali. Matokeo yalitoka mwaka 2004. Kati ya watoto 100 waliopata malaria ya ubongo, kama 9 walikuwa na kifafa. Kati ya 100 wasiopata malaria kali, walikuwa 2 tu. Malaria ya ubongo hupasua mishipa midogo sana ya damu, na seli za ulezi hujikusanya kuzunguka jeraha. Homa ya uti wa mgongo, mtoto kukosa hewa anapozaliwa, na mayai ya tegu wa nguruwe kutoka kwenye kinyesi cha binadamu, yote haya pia huacha majeraha ubongoni. Kovu huchukua muda kukomaa. Ndiyo sababu, mama, mtoto wako alipona malaria kisha akaanguka baadaye.

Hapa pia utaelewa jambo linalotusumbua sana kliniki. Mtoto anakaa miezi 6 bila kuanguka, mama anasema amepona, anaacha dawa. Fenobabitoni hutuliza seli za neva. Haifuti kovu, na mpaka sasa hakuna dawa ya kawaida inayolifuta. Ikikatwa ghafla, kifafa hurudi, mara nyingine kwa nguvu na bila kukoma. Mtoto akikaa miaka 2 au zaidi bila kuanguka, daktari anaweza kuamua kuipunguza kidogo kidogo, na watoto wengi huiacha salama. Na ukisafiri Disemba kwenda Siaya, Busia au Kakamega, beba neti ya mtoto, na beba dawa zake za kutosha siku zote mtakazokaa huko.