Filamu za Vita za Zamani na Eneo la Fizi na Baraka

Filamu kubwa za vita za karne ya 20 zilizochota visa vyake katika Ziwa Tanganyika na milima ya Kivu ya Kusini ni chache, lakini zimeishi kuliko nyingi zilizotoka wakati mmoja nazo. Zinazotajwa zaidi ni tatu: The African Queen (1951), Dark of the Sun (1968) na The Wild Geese (1978). Ya kwanza ina asili yake katika mapigano ya meli ziwani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Mbili zilizofuata zina mizizi katika vita vya waasi wa Simba na mamluki vya miaka ya 1964 na 1965, ambavyo mapigano yake makubwa ya mwisho yalifanyika Baraka, Fizi na Lulimba. Hakuna hata moja kati yazo iliyopigiwa picha katika wilaya ya Fizi.

Eneo

Baraka iko ufukoni mwa Ziwa Tanganyika upande wa magharibi, ndani ya ghuba inayokingwa na rasi ya Ubwari. Milima huanza kupanda karibu na maji, na Fizi iko huko juu. Wakazi wengi wa wilaya ni Wabembe.

Vita vya ziwani na The African Queen

Vita vilipoanza mwaka 1914, ziwa lilikuwa mikononi mwa Wajerumani. Tarehe 22 Agosti mwaka huo meli yao Hedwig von Wissmann iliishambulia meli ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune, karibu na Lukuga, yaani Kalemie ya leo, na tangu hapo pwani yote ya Kongo, pamoja na ya Fizi, ilikaa wazi kwa adui. Uingereza ilijibu kwa mpango ambao hata leo unashangaza. Boti mbili ndogo zenye injini, Mimi na Toutou, zilisafirishwa kwa meli kutoka London hadi Cape Town, zikapandishwa reli hadi Fungurume huko Katanga, kisha zikakokotwa na mashine za mvuke na maksai kuvuka milima ya Mitumba. Barabara ilichongwa na vibarua Wakongo, ambao vitabu vingi vya habari hizi huwapa nafasi finyu mno. Kutoka milimani boti zilishuka kwa reli na Mto Lualaba hadi ziwani, chini ya uongozi wa Geoffrey Spicer-Simson, ofisa wa majini aliyependa sana kusifiwa.

Tarehe 26 Desemba 1915 Waingereza waliiteka meli ya Kijerumani Kingani wakaibatiza jina la Fifi. Tarehe 9 Februari 1916 waliizamisha Hedwig von Wissmann. Ilibaki Graf von Götzen, kubwa kuliko zote, iliyoundwa Papenburg, ikafikishwa Kigoma vipandevipande ndani ya makasha na kuungwa huko. Hiyo Spicer-Simson hakuthubutu kuisogelea. Wajerumani wenyewe waliizamisha tarehe 26 Julai 1916 karibu na mlango wa Mto Malagarasi, baada ya mafundi kuipaka mitambo yake grisi nzito ili isiharibiwe na maji. Kazi yao ilizaa matunda: Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi majini kwa jina la Liemba. Vizazi vitatu na zaidi vya abiria wa ziwa vimeijua kwa jina hilo.

Kutokana na habari hizo C. S. Forester aliandika riwaya ya The African Queen mwaka 1935, na John Huston akaitengeneza filamu miaka 16 baadaye. Humphrey Bogart ni nahodha mlevi wa kiboti cha mvuke, Katharine Hepburn ni dada wa mmisionari, na wote wawili wanashuka mto kwenda kuilipua manowari ya Kijerumani iitwayo Louisa kwa topido za kujitengenezea. Picha zilipigwa Mto Ruiki, karibu na Ponthierville (sasa Ubundu), kisha Butiaba na maporomoko ya Murchison nchini Uganda, na sehemu nyingine studio huko Uingereza. Kamera za rangi za wakati huo zilikuwa nzito kama jiwe la kusagia, na kuzibeba ndani ya msitu wa Kongo kulikuwa vita vya peke yake. Watendakazi wengi waliugua tumbo na malaria. Bogart alipata kwa filamu hii Oscar ya pekee ya maisha yake, na mwaka 1994 filamu iliingizwa katika orodha ya taifa ya filamu zinazohifadhiwa Marekani.

Uhai wake una sababu iliyo wazi. Vita vyenyewe vinaonekana mwanzoni na mwishoni tu. Katikati kuna watu wawili wasiopatana, chombo kibovu, mto wenye hasira na kazi moja inayoeleweka na mtoto. Mtazamaji hahitaji kujua lolote kuhusu Kaisari wa Ujerumani. Ramani, hata hivyo, imebadilishwa, na mwisho wa filamu si mwisho wa Götzen. Jambo zito zaidi ni wanakijiji wa mwanzo wa filamu: wanaimba kanisani, nyumba zao zinachomwa, wanaume wanaswagwa na askari, na baada ya hapo hawatajwi tena. Katika historia, watu wa aina hiyo ndio waliobeba mizigo ya majeshi yote matatu kuzunguka ziwa, na wengi walikufa njiani kwa njaa na maradhi.

Mamluki: Dark of the Sun na The Wild Geese

Uasi wa Simba ulienea mashariki mwa Kongo mwaka 1964. Serikali ya Moïse Tshombe iliajiri mamluki, wengi wao kutoka Afrika Kusini na Rhodesia, wakaundiwa kikosi cha 5 Commando chini ya Mike Hoare. Baada ya Stanleyville kuangukia mikononi mwa askari wa miavuli wa Ubelgiji tarehe 24 Novemba 1964, ngome imara iliyobaki ilikuwa Fizi na Baraka. Silaha zilivuka ziwa usiku kutoka Kigoma. Mwishoni mwa Septemba 1965 kikosi cha Hoare kiliishambulia Baraka kutoka majini, kikisaidiwa na boti na ndege zilizorushwa na Wakuba wakimbizi waliolipwa na CIA. Hoare mwenyewe aliandika baadaye kwamba wapiganaji aliowakuta hapo walikuwa na nidhamu asiyoizoea kwa Simba. Mji wa Fizi uliangukia upande wa serikali mwezi Oktoba.

Dark of the Sun, ambayo Uingereza ilionyeshwa kwa jina la The Mercenaries, ilitoka katika riwaya ya Wilbur Smith ya mwaka 1965. Mwongozaji wake, Jack Cardiff, ndiye aliyekuwa mpiga picha mkuu wa The African Queen, lakini safari hii Kongo yake ilitafutwa Jamaika. Rod Taylor na Jim Brown wanaongoza garimoshi la kuokoa wazungu na almasi kabla Simba hawajafika. Peter Carsten anaigiza mamluki Mjerumani mwenye msalaba wa Kinazi kifuani, sura inayomkumbusha mtazamaji Siegfried Müller, mamluki halisi wa vita hivyo. Ukatili wa filamu hiyo uliwachukiza wahakiki wengi wa siku hizo. Leo inasifiwa na waongozaji kama Martin Scorsese na Quentin Tarantino, na Tarantino ametumia muziki wake, uliotungwa na Jacques Loussier, katika Inglourious Basterds (2009).

The Wild Geese imependwa zaidi. Andrew V. McLaglen aliiongoza, Euan Lloyd akaitayarisha, na waigizaji wakuu walikuwa Richard Burton, Roger Moore, Richard Harris na Hardy Krüger. Hoare aliajiriwa kuwa mshauri wa mambo ya kijeshi, kwa hiyo mtu aliyeiteka Baraka ndiye aliyewashauri watengenezaji wa filamu. Picha zilipigwa Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, jambo lililozua malalamiko Uingereza. Rais Limbani, ambaye mamluki wanatumwa kumwokoa na ambaye wengi humlinganisha na Tshombe, aliigizwa na Winston Ntshona, na John Kani akawa sajenti. Hao wawili walikuwa tayari magwiji wa jukwaa waliokwisha kuutikisa ubaguzi kwa michezo yao, na heshima wanayoiingiza katika filamu ni kubwa kuliko maneno waliyoandikiwa.

Filamu hii inashika moyo kwa urafiki wa wanaume waliozeeka, wanaosalitiwa na tajiri aliyewatuma. Usaliti huo unajulikana mno mashariki mwa Kongo, ila huku waliosalitiwa hawakuwa mamluki. Mwaka 1981 Hoare alijaribu kuipindua serikali ya Shelisheli, akashindwa na kufungwa. Alifariki Durban mwaka 2020 akiwa na umri wa miaka 100.

Utazamaji

Wakati wa ukoloni wa Ubelgiji filamu za kuonyeshwa Waafrika zilichujwa na serikali. Baadaye zilikuja kanda za video, kisha DVD na simu. Nchini Tanzania watafsiri kama Lufufu walizisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili juu ya sauti zake, na ufundi huo uliwafungulia mlango watazamaji wasiojua Kiingereza.

Kisa kilichorukwa

Tarehe 24 Aprili 1965 Ernesto Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma na kushuka Kibamba, kusini mwa Baraka, kwa jina la Kiswahili la Tatu, ili kuwasaidia waasi wa Simba. Wakuba zaidi ya 100 walimfuata. Tarehe 29 Juni walishambulia kituo cha umeme cha Bendera wakashindwa, na tarehe 21 Novemba waliondoka. Che aliandika habari hizo Dar es Salaam bila kujionea huruma, na kitabu kizima kilichapishwa mwaka 1999. Laurent-Désiré Kabila, kiongozi wa waasi ambaye Che alimlaumu kwa kutokaa na wapiganaji wake, alijenga baadaye makao ya chama chake cha PRP huko Hewa Bora katika milima ya Fizi, na mwaka 1997 akawa rais.

Hapa kuna kila kitu ambacho filamu kuu ya vita huhitaji: ziwa la kuvukwa usiku, milima yenye ukungu, Wakuba wakipigana na Wakuba, na dawa ya maji iliyoaminiwa kuzuia risasi. Hata hivyo Che ya Steven Soderbergh (2008), yenye saa zaidi ya nne katika sehemu mbili na iliyompatia Benicio del Toro tuzo ya mwigizaji bora huko Cannes, inatoka Kuba na kuingia Bolivia, na miezi saba ya Kongo inarukwa. Ni upungufu mkubwa wa kazi iliyo nzuri.

Pengo limezibwa kiasi na filamu za kumbukumbu. Jihan El-Tahri ameisimulia safari hiyo katika Cuba, une odyssée africaine (2007). Katrin Hansing alitengeneza filamu fupi kuhusu Freddy Ilanga, kijana Mkongo aliyemfundisha Che Kiswahili, akapelekwa Kuba, akawa daktari wa upasuaji wa ubongo wa watoto, na kwa takriban miaka 40 hakuwa na mawasiliano na jamaa zake. Ilanga alifariki mwaka 2005, na filamu ilitoka mwaka 2009.