Tramu za Mombasa zilizosukumwa kwa mikono

TRAMU ni gari la abiria linalopita juu ya reli zilizolazwa barabarani. Jijini Lisbon, Ureno, tramu zilizoundwa miaka ya 1930 bado zinafanya kazi katika njia namba 28, na wageni huzipanda na kuzipiga picha.

Mombasa nayo iliwahi kuwa na usafiri unaofanana na huo. Kuanzia miaka ya 1890, reli nyembamba zenye upana wa takriban sentimeta 60 ziliunganisha Mji wa Kale na bandari ya Kilindini. Baadhi ya matawi yake yaliishia kwenye nyumba za maofisa wa Kizungu.

Vigari vyake vilikuwa vyepesi, vyenye kiti na paa la kukinga jua. Havikuwa na injini wala mnyama wa kuvivuta. Vilisukumwa na wanaume Waafrika waliokimbia nyuma yake. Penye mteremko walidandia, penye mlima walisukuma.

Magari ya mafuta yalipoongezeka, usafiri huo ulififia, na katika miaka ya 1920 ukakoma.

Tofauti na Lisbon, leo hakuna wa kuvipanda. Kilichosalia ni picha na kadi za posta za enzi hizo: abiria ameketi, wasukumaji wamesimama nyuma yake. Mara nyingi maelezo ya picha hutaja mji na gari, lakini hayataji majina ya wasukumaji. Mwenye picha ya zamani nyumbani na aandike nyuma yake mahali, mwaka na majina ya wote waliomo, wangali wapo wanaowakumbuka.