Tangi Chini ya Tela: Historia ya Maji ya Dereva Kwenye Barabara ya Tunduma

Ukitokea Mbeya kwenda Tunduma, kabla hujauona mpaka unaanza kuyaona malori. Yanaanzia Mpemba huko, siku nyingine hata kabla ya hapo, yamejipanga pembeni ya barabara kama treni isiyo na reli. Wengi wetu tukipita na basi tunaangalia mzigo. Hili limebeba shaba, lile simenti, lile mafuta. Ni wachache wanaoinamisha macho chini ya tela, karibu na tairi la spea, wakaona kitangi kimefungwa kwa vyuma na kina koki pembeni.

Hicho kitangi ndiyo bafu la dereva. Ndiyo sinki la vyombo. Ndiyo maji ya ugali na ya kunawa baada ya kubadilisha tairi. Foleni ikigoma siku nne, ndicho kinachoamua dereva na utingo wake wataishi kama watu au wataishi kwa kuombaomba.

Kina historia ndefu kuliko unavyodhani. Twende taratibu.

KABLA YA LORI KULIKUWA NA KIBUYU

Huu ukanda haukuanza kupitwa na wasafiri juzi. Kule Ivuna, Momba, karibu na Ziwa Rukwa, watu walikuwa wanatengeneza chumvi tangu karne nyingi zilizopita. Wataalamu wa mambo ya kale waliochimba pale miaka ya 1960 walikuta mabaki ya kazi hiyo ya tangu karibu karne ya 13. Chumvi ilibebwa kichwani na ikabadilishwa kwa vitu vingine. Baadaye zikaja safari za pembe za ndovu na watumwa, misafara mirefu ya watu kwa miguu.

Sasa jiulize, hawa walibeba maji wapi? Jibu ni kwamba hawakubeba mengi. Lita moja ya maji ni kilo moja, na mtu aliyeshatwishwa mzigo mzito hawezi kuongeza lita 20 juu yake. Alibeba kibuyu kiunoni, basi. Safari ilipangwa kwa kufuata mito na visima: leo tunalala mto huu, kesho ule. Mto ukikauka, njia inahama.

Miaka ya 1880 Waingereza wakaanza kutengeneza njia ya kuunganisha Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Iliitwa Stevenson Road, kwa jina la tajiri aliyeitolea pesa. Wajerumani na Waingereza walipogawana nchi kwa mkataba wa 1890, Waingereza wakahakikisha ile njia inabaki upande wao. Mstari ukachorwa kaskazini yake, na mwaka 1898 makamishna wa pande zote mbili wakaenda kuupima ardhini. Mpaka unaopita leo kati ya Tunduma na Nakonde umetokana na mambo hayo. Mnyamwanga wa huku na Mnyamwanga wa kule wakajikuta wako nchi mbili bila kuhama nyumba.

DEBE LIKABADILISHA MAMBO

Halafu likaja debe. Mafuta ya taa yalikuwa yanaletwa kwenye makopo ya bati ya pembe nne, galoni nne, yaani kama lita 18. Mafuta yakiisha, kopo halitupwi. Likawa chombo cha maji, likawa kipimo cha mahindi, na mpaka leo sokoni Mlowo au Vwawa watu wanauza kwa debe hata kama wanapimia ndoo ya plastiki.

Magari yalipoanza kupita, debe likapanda garini. Waliokuwa na uwezo walitundika mfuko wa turubai mbele ya gari. Maji yanavuja kidogokidogo kwenye kitambaa, upepo unayakausha, na yaliyobaki ndani yanapoa. Friji bila umeme, yaani.

Dumu nalo lina safari yake. Wajerumani walilibuni kwa ajili ya jeshi miaka ya 1930, la chuma, lita 20, lenye mishikio mitatu juu ili watu wawili waweze kulibeba pamoja. Waingereza walipoliona vitani wakaliiga. Baadaye likaja la plastiki, na leo lile dumu la njano la mafuta ya kula ndilo mfalme wa maji Afrika Mashariki nzima.

1965: BARABARA YA MOTO

Tarehe 11 Novemba 1965, serikali ya walowezi wa Rhodesia ilijitangazia uhuru wake yenyewe. Zambia, ambayo mafuta yake na mizigo yake vilikuwa vinapitia kusini, ikabanwa. Mafuta yalikatika. Nyerere na Kaunda wakaangalia ramani, na jibu likawa moja: Dar es Salaam. Lakini kutoka Dar mpaka Zambia kulikuwa na barabara ya vumbi kiangazi na ya tope masika.

Malori yakaanza kumiminika, yamebeba mapipa ya mafuta kwenda na shaba kurudi. Wazungu waliipa ile barabara jina la Kiingereza lenye maana ya mbio za jehanamu, na hawakukosea. Magari yalipinduka, yalizama kwenye tope, yalishika moto. Kutoka Dar mpaka Tunduma ni zaidi ya kilomita 900, na katikati una mlima Kitonga.

Malori ya wakati ule hayakutengenezwa ili mtu aishi ndani yake. Maji yaliyobebwa yalikuwa na mwenyewe, naye ni injini. Rejeta ikichemka mlimani inataka maji sasa hivi, haina subira. Binadamu anasubiri. Ndiyo maana kwa wazee wa barabara somo la kwanza la utingo lilikuwa hili: maji ya gari hayanywewi na maji ya kunywa hayapewi gari mpaka iwe lazima. Aliyechanganya madumu angeweza kulala porini na injini iliyokufa, au na tumbo lenye ladha ya dizeli.

KUMBE TATIZO SIYO SAFARI, NI KUSIMAMA

Mwaka 1968 bomba la mafuta la TAZAMA likakamilika mpaka Ndola. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 lami ikaingia kwenye barabara kuu. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi, ikajengwa kwa msaada wa China na kukabidhiwa mwaka 1976. Ungesema shida ya dereva imeisha hapo.

Haikuisha, ilibadilika sura. Reli ilivyozidi kudhoofika miaka iliyofuata, mizigo ikarudi barabarani. Shaba ya Zambia na ya Kongo, mashine za migodini, mbolea, mafuta, vyote vikapita mlango mmoja mdogo unaoitwa Tunduma. Lori la kisasa linaweza kutoka Dar likafika Tunduma ndani ya siku mbili tatu, halafu likasimama hapo hapo siku kadhaa likisubiri karatasi, likisubiri malipo ya ushuru, likisubiri lililo mbele yake.

Tofauti ya dereva na yule mbeba chumvi wa Ivuna iko hapa. Yule alikuwa anatembea, kwa hiyo aliufuata mto. Huyu amesimama na hawezi kuacha gari akatafute mto, maana akirudi atakuta turubai limechanwa na dizeli imenyonywa. Kama yeye hawezi kuyafuata maji, lazima maji yakae naye. Hapo ndipo kitangi cha chini ya tela kilipopata kazi yake.

DARASA LA UTINGO

Utingo mpya akioneshwa lile tangi anaona ni kitu cha kitoto. Unajaza, unafungua koki, basi. Wiki ya kwanza inamfundisha adabu.

Kosa la kwanza ni kukaza mfuniko kama wa chupa ya soda. Koki inatoa maji vizuri dakika moja, halafu yanapungua, halafu yanakata. Dogo anapiga tangi teke, anadhani limeziba. Halijaziba. Maji yakitoka lazima hewa iingie kuchukua nafasi yake, na hewa isipopata njia maji yanagoma. Analegeza mfuniko, maji yanashuka. Ila mfuniko ukikaa wazi, vumbi la barabara nalo linaingia. Dawa yake ni kimrija chembamba juu ya tangi, kilichokunjwa kuangalia chini na kufungwa kitambaa safi au wavu mdomoni.

Kosa la pili ni chombo. Tangi la bei chee lililowahi kubeba dizeli au kemikali halifai, hata ulisugue mwezi mzima, kwa sababu plastiki inanyonya. Hata tangi jipya linasuuzwa kwanza, linajazwa maji yenye dawa ya klorini, linaachwa saa kadhaa, linamwagwa, ndipo linajazwa ya kutumia.

Kosa la tatu ni jua. Tangi jeupe linalopitisha mwanga, baada ya siku chache ndani kunakuwa kijani kama bwawa la samaki. Tangi jeusi, au lililofunikwa, halifanyi hivyo. Ndiyo sababu matangi mengi ya majumbani ni meusi.

Kosa la nne ndilo linalouma zaidi, hesabu. Tangi la lita 100, watu wawili, kila mmoja lita 10 kwa siku, linakwenda siku tano. Dogo akioga kama yuko kwao, lita 20 asubuhi na 20 jioni, linakauka siku ya tatu haijaanza. Dereva mzoefu anaoga kwa kopo. Analowa, anafunga koki, anajipaka sabuni, anafungua, anamaliza. Na Juni na Julai, baridi ya nyanda za juu ikishuka, wala huhitaji kumwambia mtu apunguze kuoga.

Kuna la tano ambalo bosi halirudii mara mbili: maji ya tangi siyo ya kunywa. Ya kunywa yana dumu lake, yamechemshwa au yametiwa dawa na kusubiriwa nusu saa. Yakiwa na tope yanaachwa yatulie na kuchujwa kwanza, maana klorini inapigana na uchafu kabla haijafika kwa vijidudu. Na kanuni ya kufunga darasa: jaza kabla ya kuingia foleni. Ukishafika Tunduma umechelewa.

MAJI YA NANI?

Kwa nini umechelewa? Kwa sababu Tunduma yenyewe ina kiu. Mji umekua haraka kuliko mabomba yake. Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, makao makuu yakawa Vwawa, lakini pesa na watu vinakimbilia mpakani. Mama wa Tunduma anaamka usiku kuwahi maji, halafu asubuhi anaona kijana anasukuma madumu kwenda kumuuzia dereva.

Hapa ndipo stori inakuwa ngumu. Yule kijana ana haki ya kutafuta riziki. Dereva naye ana haki ya kunawa uso. Na mama ana haki ya kulalamika kwamba maji yanapanda bei na maji machafu ya malori yanamwagwa mbele ya mlango wake. Wote watatu wana hoja.

Oktoba 2019, marais wa Tanzania na Zambia walizindua kituo cha pamoja cha forodha Tunduma na Nakonde, gari likaguliwe mara moja badala ya mara mbili. Matumaini yakawa makubwa. Miezi saba tu baadaye, Mei 2020, Zambia ikafunga mpaka wa Nakonde kwa muda, corona ilipopanda pale. Malori yakarundikana. Dunia nzima inaambiwa nawa mikono kwa maji tiririka, na hawa wamekaa barabarani na lita 100 zinazohesabika. Kipindi hicho Afrika Mashariki nzima dereva wa lori alianza kuangaliwa kama ugonjwa unaotembea. Watu walimkimbia, na huyo huyo ndiye aliyekuwa anawaletea mafuta na dawa.

Kitangi chenye koki kilifanya kazi ambayo hakuna aliyeiandika popote. Mtu alifungua, akanawa, akafunga. Matone machache, uso ukawa msafi, akarudi kwenye usukani kusogea mita kumi.

Siku nyingine ukipita Mpemba, usiangalie mzigo tu. Ukiona ndoo imetegwa chini ya tela na kijana amechuchumaa anaosha sufuria kwa maji kidogo kuliko yanayojaa kikombe, ujue yuko darasani. Somo lake lilianza kwenye kibuyu cha mbeba chumvi.

Wenye wazee waliopiga barabara hii miaka ya 60 na 70, waulizeni wangali hai: maji walibebea nini, na nani alikunywa kwanza, wao au gari? Majibu mwageni hapo chini.